Msala Upitao

Mji wa Singida umelala baina ya ziwa Singidani na ziwa Kindai, na mpiga picha wake ni mtu wa majira yote. Huitwa harusini, huitwa mazishini, na wanafunzi humwendea kwa picha za paspoti. Zama za filamu, mali yake ilikuwa kamera, chumba cha giza na bahasha za negativu. Negativu ya nyeusi na nyeupe ilikuwa na fadhila moja kubwa: yeyote mwenye taa, karatasi na dawa aliweza kutoa picha kutoka kwayo, hata kama kiwanda kilichoitengeneza kilikwisha kufungwa.

Filamu zote hazikuwa na fadhila hiyo. Kodachrome, filamu ya rangi iliyotolewa na Kodak mwaka 1935, ilisafishwa kwa njia yake peke yake. Kodak ilitangaza mwisho wake mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoisafisha, katika mji wa Parsons, Kansas, Marekani, iliacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa mwaka 2010. Filamu iliyosahauliwa kabatini ikapoteza njia ya kurudishiwa rangi zake. Hilo lilikuwa onyo.

Kompyuta ilipokuja, chumba cha giza kiligeuka kuwa programu. Apple ilitoa Aperture mwaka 2005. Mwaka 2014 ikatangaza kuwa haitaiendeleza, na mfumo wake wa Catalina wa mwaka 2019 haukuiendesha tena. Google iliacha kuitunza Picasa, iliyogawiwa bure, mwaka 2016. Adobe nayo ilitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya ya Photoshop yatapatikana kwa malipo ya muda kwa muda tu. Kwa mtu angojaye harusi za baada ya mavuno ya alizeti, kodi isiyongoja mavuno ni mzigo.

Labda msomaji atauliza: picha si zipo? Zipo, lakini kwa nusu. Aperture haikuigusa picha ya asili; iliandika kando maagizo ya mpiga picha: hapa pang’ae, pale pakatwe, uso huu upunguziwe kivuli. Maagizo hayo yalisomwa sawasawa na programu ile ile iliyoyaandika. Ikiondoka, picha ghafi hubaki, na kazi ya mikono na macho ya miaka mingi huwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha isiyo na msemaji.

Haki itendeke kwa kampuni pia: kuitunza programu ni gharama, na hakuna mfanyabiashara afungwaye milele na bidhaa moja. Lakini bibi aliyepigwa picha siku ya harusi ya mjukuu wake hakufunga mkataba na kampuni yoyote. Pengine hiyo ndiyo picha yake ya pekee, naye hayupo tena kupigwa nyingine.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Programu ndiyo msala. Mbacha ni picha iliyokamilika, iliyotolewa nje ya programu katika muundo usomwao na kompyuta nyingi, kama JPEG au TIFF, ikahifadhiwa pamoja na ya asili mahali pawili, na iliyo bora ikachapwa karatasini. Watu wa nchi kavu kama Singida hawahitaji kufundishwa jambo hili: achotaye katika kisima cha mwingine hujaza mtungi wake mapema, kisima kingali wazi.