Makovu ya Uso: Jinsi Madaktari Walivyojifunza Kuyatuliza

  Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu ya leo, na wote wayasome kwa sauti.

KOVU: alama inayobaki baada ya jeraha kupona.
MAKUNYANZI: mikunjo ya ngozi inayoletwa na uzee.
KELOIDI: kovu linaloendelea kukua mpaka likapita mipaka ya jeraha lenyewe.

Somo letu ni la historia. Tutaeleza habari za madaktari wanaopasua uso ili kuutengeneza, na jinsi walivyohangaika na makovu yanayobaki nyuma yao. Labda mtu atauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi wa mpakani?" Zatuhusu sana. Tunduma ni mji wa barabara kuu na malori. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wake, tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupitishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yakivuka mpaka hapo Tunduma. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, na ajali zilikuwa nyingi hata madereva wakaifananisha na jehanamu. Leo barabara ni ya lami, lakini ajali zipo, na moto wa jikoni upo. Kila kijiji kina mtu mwenye kovu usoni.

WAZEE WETU NA NGOZI

Kwanza tukumbuke kwamba elimu ya makovu si ngeni katika Afrika. Wazee wa makabila mengi walichanja chale usoni na mwilini kwa urembo, au kwa kuonyesha ukoo. Wamakonde wa kusini walijulikana sana kwa kazi hiyo. Fundi alikata ngozi kwa kisu kidogo, akapaka mkaa katika mkato, akarudia tena mpaka alama ikasimama. Kwa hiyo fundi yule alijua jambo kubwa: ngozi ikisumbuliwa mara kwa mara, kovu huinuka. Daktari wa uso anatafuta kinyume chake. Anataka kovu lilale.

VITA NA NYUSO ZILIZOHARIBIKA

Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 mpaka 1918, ilifika mpaka kwetu. Mwanzoni mwa Novemba 1918 majeshi ya Wajerumani yaliishambulia boma ya Waingereza ya Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Tunduma. Tarehe 25 mwezi huohuo Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala.

Huko Ulaya vita hiyo ilivunja nyuso za maelfu ya askari. Daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Harold Gillies, alipewa hospitali huko Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917. Hapo yeye na wenzake waliwatibu askari zaidi ya 5,000. Walihamisha ngozi kutoka kifuani au begani wakaipandikiza usoni. Kazi ilikwenda polepole, na mtu mmoja aliweza kupasuliwa mara nyingi. Barabarani karibu na hospitali viliwekwa viti vilivyopakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kuwa anayekaa hapo ana uso ulioumia, wasishtuke.

Katika Vita Kuu ya Pili, ndugu yake Gillies aitwaye Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua katika mji wa East Grinstead. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko wengine. Basi akaacha dawa kali zilizokausha ngozi, akawaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi yaliyopimwa kwa uangalifu hospitalini. Lakini jambo la pili alilofanya lilikuwa kubwa vilevile. Aliwaomba watu wa mji wawapokee wagonjwa wake madukani na majumbani bila kuwakodolea macho. Watu wa mji wakafanya hivyo. Hapo tunajifunza kwamba nusu ya maumivu ya kovu la uso imo katika macho ya wanaotazama.

KUKAZA USO

Sasa tuje kwa upasuaji wa namna nyingine. Huu haufanywi kwa sababu ya vita wala moto. Mtu anaona makunyanzi, anaona mashavu yamelegea, anamwendea daktari ili ngozi ivutwe na kukazwa. Daktari Eugen Holländer wa Berlin alieleza kwamba mwaka 1901 alimfanyia kazi hiyo bibi mmoja wa ukoo bora wa Poland. Alikata vipande vya ngozi karibu na masikio, akavuta, akashona.

Hapo tatizo likaonekana. Hakuna kisu kinachokata ngozi bila kuacha kovu. Anayetaka kuondoa makunyanzi anabadilishana: anatoa mikunjo, anapokea kovu. Basi madaktari wakajifunza kulificha. Mkato huanza ndani ya nywele juu ya sikio, hushuka mbele ya sikio kwa kufuata mkunjo wake, huzunguka ndewe, kisha huingia nyuma ya sikio na kupotea tena katika nywele.

Hata hivyo makovu mengine yalitanuka na kuonekana. Kwa nini? Fikirini gunia la mahindi. Ukilijaza kupita kiasi, mshono wake hufumuka au hutanuka, kwa kuwa mzigo wote umeshikwa na uzi. Ndivyo ilivyokuwa. Madaktari wa kwanza walivuta ngozi peke yake, na mshono ukabeba mzigo wote. Mwaka 1974 daktari Tord Skoog wa Sweden alieleza njia ya kuvuta pamoja na ngozi tabaka lililo chini yake. Mwaka 1976 madaktari wawili wa Paris, Mitz na Peyronie, wakaeleza vizuri utando huo ulivyo. Tangu hapo mzigo ulianza kubebwa na utando wa ndani, na ngozi ya juu ikashonwa bila kuvutwa kwa nguvu. Makovu yakawa membamba zaidi.

DAKTARI WA SEHEMU MBILI

Historia hii inagusa Afrika ya Mashariki kwa mkono wa mtu mmoja. Thomas Rees alikuwa daktari Mmarekani, na alipata sifa huko New York kwa kukaza nyuso za matajiri. Alikuwa amejifunza kwa McIndoe huko East Grinstead, pamoja na daktari Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi, Michael Wood. Watu hawa watatu, Wood, Rees na McIndoe, walipanga chini ya mlima Kilimanjaro shauri la kupeleka matibabu vijijini kwa ndege. Mwaka 1957 shirika likaanzishwa, ndilo linaloitwa leo Amref. Wood aliendesha ndege mwenyewe, akaenda kuwapasua watu walioungua, waliojeruhiwa na wanyama, na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Rees naye alikuja mara kwa mara kusaidia.

Tazameni basi: elimu iliyokaza uso wa tajiri wa New York ndiyo iliyoziba shavu la mchungaji wa Afrika. Tena Rees aliacha fundisho jingine. Mwaka 1984 yeye na wenzake walitangaza kwamba, kwa watu waliokazwa uso, wavuta sigara walikuwa katika hatari ya kufa kwa ngozi zaidi ya mara kumi kuliko wasiovuta. Moshi hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokatwa ikikosa damu hufa, ikaacha kovu baya.

KELOIDI

Sasa sikilizeni kwa makini. Zaidi ya miaka 200 iliyopita daktari Alibert wa Paris alianza kueleza aina ya kovu lililotambaa kama gando la kaa. Ndiyo asili ya jina keloidi. Kuna kovu nene linaloinuka lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na mara nyingi hupungua lenyewe kwa muda. Keloidi sivyo. Hupita mipaka, huwasha, huuma, tena yaweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kupona. Humpata mtu wa rangi yoyote, ila huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi hufuata ukoo. Hupenda kifua, mabega, ndewe za masikio na pembe ya taya.

Angalieni! Masikio na taya ndipo kisu cha kukaza uso kinapopita. Kwa hiyo mtu ambaye sikio lake lilivimba kovu baada ya kutogwa, au ambaye mama yake ana keloidi, hana budi kumwambia daktari kabla ya kisu chochote.

Na matibabu je? Keloidi ikikatwa tu na kuachwa, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Tangu miaka ya 1960 madaktari huchoma sindano ya dawa ndani ya kovu lenyewe, mara kadhaa kwa kupita majuma, ili lilainike na kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Australia walieleza faida ya kubandika karatasi laini ya silikoni juu ya makovu ya moto. Nguo za kubana makovu ya moto hutumika pia. Na pale kisu kinapohitajika, hufuatwa na sindano au matibabu mengine.

Lakini dawa ya kwanza ya kovu changa ni subira. Miezi ya mwanzo kovu huwa gumu na hubadilika rangi. Huchukua mwaka mzima, au zaidi, kutulia. Jeraha likiisha kufunga kabisa, daktari aweza kukuonyesha namna ya kulikanda polepole kwa mafuta. Lizuie jua kwa kofia au mtandio, maana jua hulitia weusi.

Jihadharini na krimu zinazouzwa sokoni kwa ahadi ya kufuta kovu kwa siku saba. Baadhi ya krimu za kuchubua zina zebaki, sumu inayoharibu figo. Hakuna krimu inayofuta kovu. Kovu hutulizwa, hulainishwa, hufichwa, halifutiki.

Mwenye kovu linalokua, linalowasha au linalovuta jicho na mdomo, aende hospitali. Anaweza kuanza katika hospitali ya mkoa huko Vwawa, na kutoka hapo kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Huko Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewatengeneza wengi walioungua na wenye midomo iliyopasuka, na Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeanza upasuaji wa urembo katika miaka ya karibuni.

Ndugu zangu, anayetaka kukaza uso aulize kwanza: kovu litakaa wapi, na ngozi ya ukoo wetu hupona vipi? Na sisi tulio jirani wa mtu mwenye kovu, tuwe kama wale watu wa East Grinstead. Tumsalimu, tumpishe kiti, tusimkodolee macho.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini makovu ya zamani ya kukaza uso yalitanuka? Elezeni kwa mfano wa gunia.
2. Keloidi na kovu nene la kawaida hutofautiana namna gani?
3. Wood, Rees na McIndoe walipanga nini chini ya Kilimanjaro?
4. Je, katika kijiji chenu watu wenye makovu ya uso hutendewaje? Zungumzeni, kisha kila mmoja aandike sentensi tatu katika daftari lake.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.