Mbono Kaburi

Ukipanda matatu kutoka Malindi kwenda Marafa, ukishavuka daraja la Sabaki, tazama nyua za mashamba. Utaona mti mfupi wenye majani mapana na matunda madogo yanayotoka kijani, yakawa manjano, mwisho yakawa meusi. Mbuzi hawaugusi, una sumu. Ndiyo maana watu wanaupanda kuwa ua. Kiswahili kinauita mbono kaburi, kwa sababu tangu zamani ulipandwa kuzunguka makaburi ili mifugo isiyakanyage.

Sisi wa mjini tulikutana nao kwa jina lingine: jatrofa. Miaka kumi na kitu iliyopita uliitwa mti wa maajabu. Eti unamea popote, hauhitaji mvua, mbegu zake zinatoa dizeli, na mkulima maskini atatajirika akiwa amekaa kivulini. Leo maneno yaleyale yamehamia kwa mwanzi. Fungua simu yako tu: miche ya mwanzi, makaa ya mwanzi, mamilioni kwa eka moja. Mwaka 2020 serikali ya Kenya iliutangaza mwanzi kuwa zao rasmi. Kabla hatujatuma pesa ya miche, turudi kidogo kaskazini ya Sabaki. Ardhi ile ishaonja miti ya maajabu.

Ya kwanza ilikuwa mpira. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ulaya na Marekani zilianza kuendesha magari, na magari yalitaka matairi. Wazungu wakafungua mashamba ya mpira na pamba pande za Malindi. Ardhi walipata, ila watu wa kuifanyia kazi hawakupata. Wagiriama walikuwa na mahindi yao ya kuuza, wakalima na kuvuna kaskazini ya mto ambako ardhi ilikuwa na rutuba. Kwa nini mtu aache shamba lake akavune la mwenzake? Serikali ya kikoloni ikapata jibu: waondoe kule kaskazini, watoze kodi, watakuja wenyewe.

Hapo ndipo anaingia Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alizunguka akiwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande mwingine kabisa wa nchi. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti mwaka huohuo Waingereza waliilipua kaya ya Wagiriama kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, watu wakatozwa faini na kufukuzwa ng'ambo ya kaskazini. Baadaye waliruhusiwa kurudi, kwa sababu upande wa kusini njaa haikuwaacha. Na mpira wenyewe? Bei ilianguka, mashamba yakafa.

Ya pili haikuwa mti mmoja. Ilikuwa mpango mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Australia, ulianza mradi wa makazi wa Magarini. Buldoza zilisafisha vichaka, ardhi ikapimwa, familia zikagawiwa viwanja, wataalamu wakafundisha kilimo cha nchi kavu. Wenyeji walikuwa na namna yao: unalima hapa miaka michache, unaiacha ipumzike, unahamia pale. Mradi ulitaka kila mtu atulie kwenye kiwanja chake. Mvua ikakosa kufuata ratiba, udongo ukachoka, na maji ya visimani sehemu nyingi yalikuwa ya chumvi. Australia ilipojitoa mwishoni mwa miaka ya 1980, kilichobaki cha maana ni somo. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson walitoa kitabu kizima kuhusu namna nia njema ilivyoshindwa pale. Kinasomwa vyuoni mbali huko, na Magarini bado watu wanangoja mvua.

Ya tatu ndiyo mbono kaburi. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba ikifika 2020, asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo vinavyojirudia. Kwa hesabu zao, mafuta ya mimea yalikuwa safi. Swali likawa ardhi iko wapi. Kampuni yenye wenyewe Waitaliano ikapiga hodi katika halmashauri ya Malindi ikiomba hekta 50,000 katika msitu wa Dakatcha, ipande jatrofa. Ukitaka kujua ukubwa wake, chukua kaunti nzima ya Nairobi, ukate zaidi ya theluthi mbili.

Dakatcha haikuwa pori tupu. Ina miti ya mrihi, ina makaburi, ina mashamba, ina watu wapatao 20,000. Ina pia ndege mdogo wa manjano na meusi, kwerea wa Clarke, asiyepatikana popote duniani ila katika kaunti ya Kilifi. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, mwaka uleule wa kiapo cha Mekatilili. Tatizo ni kwamba kisheria ile ilikuwa ardhi ya amana: halmashauri iliishika kwa niaba ya wenyeji, na mwenye kushika kwa niaba yako anaweza pia kutia sahihi kwa niaba yako.

Wenyeji hawakuwa na sauti moja, tusidanganyane. Wengine walitaka kazi, na kutaka kazi si dhambi. Wengine waliuliza tutazikana wapi. Waliopinga walijipanga na mashirika kama Nature Kenya na ActionAid. Utafiti uliotolewa 2011 ukaonyesha jambo la aibu: ukikata msitu wa Dakatcha ili upande jatrofa, mafuta yake yanaweza kutoa hewa chafu hadi mara sita ya ile ya mafuta ya kawaida. Mwaka 2012 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikakataa mradi.

Lakini kilichonikaa kichwani ni utafiti mwingine, wa 2009, uliofanywa na watu wa kilimo cha miti wakiwemo KEFRI. Waliwatembelea wakulima wa Kenya waliokuwa wameshapanda jatrofa. Mavuno yalikuwa kidogo mno, hayalipi. Ushauri wao: kama unaipanda, ipande kama ua. Yaani baada ya mikutano yote, sayansi ilifika pale alipokuwa yule mzee aliyeuzungushia makaburi.

Je, basi tusipande kitu? Hapana. Teremka upande wa Gede na Msabaha uone mvinje. Zamani nyumba za Pwani zilisimama kwa boriti za mikoko, na majahazi yalizibeba hadi Uarabuni. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje, na kukata mikoko kukazidi kubanwa. Wakulima wakageukia mvinje. Mwaka wa kwanza unachanganya na mahindi, mti wenyewe unarutubisha udongo, na ndani ya miaka michache una nguzo za kuuza. Matawi ni kuni. Mkulima ndiye anayeamua lini akate: ada ya shule ikifika, anakata. Hakuna buldoza, hakuna mkutano wa hotelini.

Mwanzi nao unaweza kuwa hivyo. Unakua haraka, ukiukata unachipua tena, na makaa yake yanapika. Makaa si jambo dogo, kwa sababu Dakatcha iliyookolewa 2012 bado inakatwa, gunia kwa gunia, na gunia linaishia kwenye jiko la mtu mjini. Sensa ya 2019 ilisema zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapika kwa kuni. Mtu anayechoma makaa Magarini si adui wa msitu, ana watoto. Ukimpa mti wa kukata usio mrihi, na ukauweka kwenye shamba lake, huenda akauacha mrihi.

Ila mwanzi wa asili wa Kenya ni wa milimani, Aberdare na Mlima Kenya, kwenye baridi na mvua. Magarini si Aberdare. Kwa hiyo akija mtu na miche, muulize maswali ambayo ardhi ile imeyalipia kwa miaka zaidi ya mia: unakunywa maji kiasi gani? Nani ananunua, kwa bei ya nani? Shamba linabaki kwa jina la nani? Na mwisho, swali la wazee: je, ukishindwa, utafaa angalau kuwa ua?