Fundo la Uaminifu



Magharibi ya bandari ya Wete, kule Pemba, kipo kisiwa kirefu na chembamba kiitwacho Fundo. Asili ya jina hilo nawaachia wenyeji. Katika lugha yetu, hata hivyo, fundo ni kamba iliyokazwa, na tena ni kinyongo kilichoganda moyoni. Maana zote mbili zinanikumbusha Yusuf bin Hasan, aliyevikwa cheo cha Mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba.

Ukoo wake ulitoka Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498 na kubaki rafiki wa Wareno kwa takribani miaka mia moja. Kwa urafiki huo Wareno waliupa ukoo huo ufalme wa Mombasa. Lakini baba yake Yusuf, Sultani Hasan, alipogombana na kapteni wa Ngome ya Yesu, alikimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa njama za Wareno hao hao. Kichwa chake kikapelekwa Goa, nchini India.

Yatima huyo naye akapelekwa Goa. Akalelewa na mapadre Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akaoa, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kutawala. Wakubwa wake waliona mtu mtii, anayeongea lugha yao na kusali sala zao, wakadhani wamepata mtu mwaminifu. Hapo ndipo tunapokosea nasi, hata majumbani mwetu. Utii huweza kuamriwa. Shukrani huweza kudaiwa, ingawa ikidaiwa hupoteza ladha. Uaminifu ni ndugu wa neno amana: unamkabidhi mwenzako kitu, naye anakutunzia, nawe unamtunzia. Wareno walidai kutunziwa na mtoto ambaye amana ya baba yake walikuwa wameivunja.

Ikasemekana kwamba usiku mfalme huyo alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Habari zilimfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, naye akakusudia kumkamata. Yusuf alimtangulia. Tarehe 15 Agosti 1631, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni akamuua kapteni, na mauaji yakaenea mjini. Wakristo wapatao 300 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto.

Simtakasi. Aliyeua mtoto hakulipiza kisasi cha baba, alizidisha dhambi. Lakini nimechoka pia kusikia akiitwa Yuda tu, kana kwamba kabla yake hapakuwa na msaliti mwingine.

Wanaonifikirisha zaidi ni Waafrika Wakristo wa Mombasa. Waliambiwa waiache imani wapate kuishi. Baadhi yao walikataa, wakauawa. Hawa hawakuwa na ngome wala cheo cha kulinda. Madhila ya Wareno waliyajua kuliko sisi tunaoyasoma. Kama uaminifu ungekuwa ni kushabikia upande, wangekuwa na kila sababu ya kuhama. Ahadi yao ya ubatizo hawakuwa wamempa kapteni, kwa hiyo ubaya wa kapteni haukuweza kuifuta. Uaminifu wa namna hii ni mgumu kuutambua, maana kwa nje wanaonekana wamekufa pamoja na Wareno, kwa hiyo ni watu wa Wareno.

Yusuf aliihama ngome mwaka 1632, akaishia kuwa haramia baharini. Pemba nayo iliasi. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeteuliwa mwaka 1635, aliwaua wakuu wa kisiwa na kuwalazimisha watu kulipa ushuru, kisha akaagiza sifa zake zichongwe juu ya lango la Ngome ya Yesu. Maandishi hayo yapo hadi leo, na atakayekwenda Mombasa anaweza kuinua macho akayaona. Yanataja adhabu na ushuru. Watu wa Fundo na Pemba yote walilipa, na karne hiyo haijaisha wakawa wamemfukuza Mreno pwani hiyo pamoja na wengine.