Kwihara na Majirani Zake wa Mwituni

Mwenye kutoka Tabora mjini akashika njia ya kusini-magharibi, baada ya maili chache za vumbi na miembe ya kale hufika Kwihara, mahali penye nyumba iliyo mashuhuri kuliko nyumba zote za Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora: tembe la udongo lenye dari bapa na milango ya nakshi, ambalo leo ni makumbusho ya Daktari David Livingstone. Hapo aliwasili pamoja na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley tarehe 18 Februari 1872, wakitoka Ujiji. Hapo waliagana tarehe 14 Machi. Na hapo mzee yule, hali afya yake imekwisha kudhoofika, alikaa akingoja wapagazi kutoka pwani hata tarehe 25 Agosti, alipoondoka kwa safari ambayo hakurudi ila maiti, amechukuliwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, wakapita naye Kwihara katika Oktoba 1873 wakielekea Bagamoyo.

Wageni aghalabu husimuliwa habari hiyo, wakashukuru, wakaenda zao. Si vibaya, walakini naona tarikhi ya nyumba ile imefungiwa mno ndani ya kuta zake, na sehemu iliyo bora iko nje, kwa majirani, yaani wenyeji wa Unyanyembe na viumbe wa mwitu walioishi nao, wakapigana nao, wakala nao na kuliwa nao.

Shahidi wa kwanza ni Livingstone mwenyewe. Katika miezi ile ya kungoja aliandika katika shajara yake habari za jamii ya ndege kumi, fumbwe, waliokuwa wakija katika mikomamanga ya uani kwake. Wanane kati yao walikuwa makinda waliokwisha kuota manyoya yote, lakini wangali wakilishwa na mama yao kwa chakula kitokacho kooni mwake, kama wafanyavyo njiwa. Alimwona kinda akiinua unyoya, kama mtoto ainuavyo mwanasesere, akiwaalika wenziwe mchezoni. Wataalamu wa ndege wa zama zetu watatia shaka, maana fumbwe jike hutaga mayai katika viota vya ndege wengine na kuwaachia ulezi; basi ama Daktari alikosea jina la ndege, ama alimwita mama asiyekuwa mama. Mimi simlaumu. Mtu aliyesubiri miezi mitano katika ua mmoja ana haki ya kuona ukoo mahali ambapo elimu haiuoni.

Katika shajara hiyo hiyo wamo watoto wa Unyanyembe, hodari wa mitego na ulimbo, ambao waliwafunza ndege walionaswa kuimba, na wakatengeneza bunduki za matete zilizofyatuka na kutoa wingu la majivu mahali pa moshi. Mchezo ule haukuzuka bure. Mwaka mmoja nyuma, katika Agosti 1871, mtemi Mirambo wa Urambo aliishambulia Tabora, na Khamis bin Abdallah, mfanyabiashara wa Kiarabu, akauawa. Njia ya Ujiji ikafungwa, na milio ya baruti ikawa sauti ambayo hata mtoto aliijua.

Na vita vile vilikuwa vita vya njia, na njia ilikuwa ya pembe. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga maskani, kwa kuwa hapo ndipo zilipogawanyika njia za Ujiji, za Karagwe na za kusini. Pembe zilishuka pwani juu ya mabega ya Wanyamwezi, pamoja na watumwa waliotembezwa kwa nguvu katika misafara hiyo hiyo, na bila ya tembo sidhani kwamba tembe lile lingejengwa. Wawindaji wa Kinyamwezi waliokuwa na chama chao cha kuwinda tembo walizidi kwenda magharibi kadiri mnyama alivyopungua karibu, hata Mnyamwezi mmoja, Msiri, akaanzisha huko Katanga ufalme wa Wayeke. Na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Ituru karibu na Tabora, mali yake kubwa aliipata mbali, katika Manyema.

Ajabu ni kwamba mwaka 1879, katika nchi iliyokwisha kuwafukuza tembo wake, waliletwa tembo wa kigeni. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakateremshwa Msasani chini ya uongozi wa Frederick Carter, wakapelekwa bara kwa njia ya misafara ili ijulikane kama wanaweza kuchukua mizigo mahali ambapo mbung'o huwaua punda na ng'ombe. Waliumwa na mbung'o wasionyeshe kudhurika, jambo lililoshangiliwa sana. Lakini wakafa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho wao alifika Karema, Ziwa Tanganyika, akafa huko huko. Carter aliuawa mwaka uliofuata. Mabega ya wapagazi yakaendelea na kazi mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Mbung'o ndiye aliyeshinda. Alipenda vichaka, na vichaka vilizuiliwa na majembe ya watu na malisho ya mifugo. Lakini sotoka ya miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe, Isike, mtemi wa Unyanyembe, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 alipozidiwa na Wajerumani, kisha Vita Kuu vya Kwanza vikawachukua vijana kuwa wapagazi. Mashamba yakaachwa. Malale yakaenea, na katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza wakawakusanya watu katika makazi makubwa, wakaziacha nchi pana kwa pofu, korongo, palahala na nyati. Mgeni azionaye leo hudhani ni pori tangu kuumbwa.

Aliyebaki na pande zote mbili, ya watu na ya mwitu, ni nyuki. Wanatabora walimfuata mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali, wakachonga mizinga ya magome ya miyombo, na nta yao ikasafirishwa ng'ambo. Warina-asali na wavuvi waliingia pori la akiba la Ugalla kwa kibali na kwa msimu; mwaka 2019 Mto Ugalla ukawa hifadhi ya taifa, na sheria ya hifadhi ya taifa hairuhusu kurina wala kuvua. Hatima ya jambo hilo bado inawahusu watu walio hai. Laiti ningekuwa na amri katika tembe la Kwihara, ningelimpa mmoja wa warina hao chumba kimoja, autundike mzinga wake humo, awaeleze wageni baba yake alikuwa akiingia msitu upi, na kwa idhini ya nani.