Pesa za Kampani

Mtu akiokota pesa nyeusi ya shaba katika mchanga wa Saadani, twamsihi asiisugue kwa majivu, maana maandiko hufutika. Na aitazame kwanza. Akiona mizani, huenda hiyo ni ya Seyyid Barghash wa Unguja, aliyetawala 1870 hata 1888. Akiona tai, na upande wa pili herufi za Kiarabu, hiyo ni ya Kampani ya Kijerumani. 64 zilikuwa rupia moja. Ajabu kidogo: wafanya biashara kupiga pesa kama wafalme! Kiarabu walikitia kwa sababu watu wa pwani walisoma herufi hizo. Mwaka 1889 Bwana Heri wa Saadani alipigana na Wajerumani. Pesa hizi zilianza 1890. Mwaka wa Hijra ulioandikwa ni 1307, 1308 au 1309.