Nyasi Bandia Zilivuma kwa Kukosa Jua

Vijana wa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, wanaujua mpira wa namna mbili. Upo wa kwenye runinga, unaochezwa juu ya kijani kisicho na doa, na upo wa alasiri, unaochezwa kwenye mchanga na vumbi, huyu amevaa njumu, yule miguu mitupu. Habari ya kiwanja ikizuka, hakosekani wa kuuliza: kwa nini nasi tusitandikiwe kapeti? Ni swali la haki. Lakini nyasi bandia zina historia yake, na umaarufu wake ulianzia kwenye shida ambayo Malindi haijapata kuijua: uhaba wa jua.

Aprili 1965, mjini Houston, jimbo la Texas, ulifunguliwa uwanja wa Astrodome, uwanja mkubwa wa michezo uliofunikwa wote kwa kuba. Ulijengwa hasa kwa ajili ya besiboli. Paa lake lilitiwa maelfu ya vipande vya plastiki angavu ili mwanga upenye, maana chini yake zilipandwa nyasi halisi za aina ya Tifway 419, zilizozalishwa na mtaalamu wa mimea Glenn Burton huko Tifton, Georgia. Msomaji wa pwani anastahili kuujua ukoo wa nyasi hizo. Mzazi mmoja ni ukoka, huu huu tunaoukanyaga kando ya njia, na wa pili ni nduguye wa Afrika Kusini. Majani yaliyofungiwa ndani ya kuba la Houston yalikuwa na asili ya Afrika.

Hayakudumu. Wachezaji walipoinua macho kuufuata mpira, mng'ao wa paa uliwatia kiwi, na mpira ukawaangukia pembeni bila kuuona. Wenye uwanja wakaamua kulipaka paa rangi. Macho yalipona, nyasi zikafa. Msimu ule ulimalizikia juu ya udongo na majani makavu yaliyopakwa rangi ya kijani. Kampuni ya Monsanto ilikuwa tayari na zulia lake la nailoni, lililokwisha kutandikwa mwaka 1964 katika shule ya Moses Brown, mjini Providence. Mwaka 1966 zulia hilo likaingia Houston, likapewa jina la uwanja wenyewe: AstroTurf.

Hapo ndipo nyasi bandia zilipopatia umaarufu. Hazikuingia Houston kwa kuwa plastiki ni bora kuliko ukoka. Zilitandikwa kwa sababu binadamu alilijenga paa, akaliziba jua, kisha akataka chini yake pabaki kijani.

Waingereza walijaribu bila hata ya paa. Queens Park Rangers walitandika zao mwaka 1981, Luton wakafuata mwaka 1985, kisha Oldham na Preston. Zulia la siku hizo lilikuwa jembamba na gumu. Mpira uliruka juu kupita kiasi, na mchezaji aliyeteleza aliinuka akiwa amechubuka ngozi ya paja. Chama cha soka kikazipiga marufuku, na Preston, wa mwisho kuwa nazo, waliziondoa mwaka 1994.

Kisa cha Italia kinatugusa zaidi, maana Malindi ni mji ambao Kiitaliano kinasikika sokoni na ufuoni, na San Siro ya Milan haihitaji kutambulishwa kwa mtu. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1926, na kwa miaka mingi nyasi zake hazikuwa habari. Kisha zikaja fainali za Kombe la Dunia za 1990. Likaongezwa jukwaa la tatu na paa juu yake. Uwanja ukapendeza, lakini majukwaa yakazuia jua na upepo, na chini kukawa na unyevu na kivuli. Nyasi zikaanza kuoza na kung'oka vipande vipande, zikawa zinabadilishwa tena na tena. Mwaka 2012 wakaamua kuzichanganya: majani halisi yameshonewa nyuzi za plastiki zinazoingia ardhini kuishikilia mizizi. Mbinu hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana Afrika mwaka 2010, kwenye viwanja vya Polokwane na Nelspruit katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini.

Wengine walikataa kuziacha nyasi halisi hata chini ya paa. Mwaka 1994, mechi za kwanza za Kombe la Dunia kuchezwa ndani ya ukumbi zilifanyika Pontiac, karibu na Detroit. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walizilea nyasi nje, juani, katika trei kubwa za chuma zenye pembe sita, kisha wakaziingiza ndani na kuzipanga moja baada ya nyingine hadi uwanja ukakamilika. Marekani na Uswisi wakatoka sare ya 1-1 juu yake. Wajapani wakaenda mbali zaidi: huko Sapporo, uwanja mzima hukaa nje ukiota jua, na siku ya mechi huinuliwa kwa hewa na kusukumwa hadi ndani. Wanaokumbuka penalti ya David Beckham dhidi ya Argentina mwaka 2002 waliiona ikipigwa juu ya nyasi hizo.

Hii yote ni gharama ya kulirudisha jua mahali lilipofukuzwa. Sisi twalipata bure, mwaka mzima.

Afrika ilipofikiwa na kapeti, sababu ilikuwa tofauti kabisa. Zulia lilikuwa limeboreka: majani marefu, mchanga chini, na juu yake punje za mpira uliosagwa kutoka matairi makuukuu. FIFA ililiingiza katika sheria za mchezo mwaka 2004, na miaka miwili baadaye ikaanzisha mpango wa kuyapa mataifa ya Afrika walau uwanja mmoja wa nyasi bandia kila moja, kuelekea fainali za 2010. Huku paa halikuwa suala. Suala lilikuwa viwanja vichache vinavyokanyagwa na watu wengi mno, maji ya taabu, na watunzaji wasiolipwa. Nairobi, uwanja wa City ukatandikwa. Tanzania nayo ikawa na makapeti Kaitaba ya Bukoba na Nyamagana ya Mwanza.

Kapeti la City likachakaa. Jambo hili halisemwi vya kutosha ahadi zinapotolewa: nyasi bandia huishi kama miaka minane hadi kumi, tena zikitunzwa, zikipigwa brashi, zikiongezwa punje, zikizuiwa magari na mikutano ya hadhara. Baada ya hapo hung'olewa zote, na fedha hutafutwa upya. Ukoka ukiharibika hufungwa miezi kadhaa, ukanyweshewa, ukarudi wenyewe.

Wachezaji nao wamesema. Mwaka 2014 kundi la wanasoka wanawake likiongozwa na Abby Wambach wa Marekani lilifungua malalamiko nchini Kanada kupinga Kombe la Dunia la 2015 kuchezwa lote juu ya nyasi bandia, jambo ambalo wanaume hawajawahi kufanyiwa. Waliyaondoa malalamiko kabla ya mashindano kuanza, na fainali ikachezwa Vancouver, juu ya kapeti. Lakini hoja yao ilisikika. Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA iliagiza nyasi halisi katika viwanja vyote 16, vikiwemo vyenye paa. Kimojawapo kiko Houston, jirani kabisa na lile kuba la 1965 ambamo ukoka ulifia.

Turudi nyumbani. Jua la Malindi la saa nane mchana si la mchezo. Plastiki haitoi jasho. Jani hai hujipoza kwa maji linayoyatoa. Kapeti lililo wazi kwenye jua kali hupanda hadi zaidi ya nyuzi 60, na punje nyeusi huzidisha. Kwa mtoto anayecheza pekupeku, hilo ni kuungua nyayo. Kaunti hii imewapa wasichana nafasi kubwa uwanjani kupitia Moving the Goalposts, shirika lililoanzishwa Kilifi mwaka 2001, na wasichana wa shule hucheza alasiri, kabla giza halijaingia na wakahitajika nyumbani. Saa hizo ndizo kapeti bado lina moto.

Kisha kuna bahari. Punje za mpira hazikai mahali pamoja. Hutoka kwenye viatu, kwenye soksi, na mvua ya masika huzisomba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzikataza kuuzwa kuanzia 2031, kwa kuwa ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya plastiki ndogondogo. Malindi ina hifadhi ya bahari tangu 1968. Sioni sababu ya sisi kununua kile Ulaya inachojiandaa kukiacha, halafu kikaishie kwenye matumbawe yetu.

Wanaotaka kapeti wana hoja moja nzito, nami naikubali: nyasi halisi hazivumilii timu kumi kwa siku. Kiwanja cha mtaa hakipumziki. Na maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, hayatoshi hata majumbani, sembuse kumwagia uga. Lakini ipo nyasi ya familia ya paspalumu, inayoota yenyewe katika pwani za nchi za joto na kustahimili chumvi kuliko ukoka. Aina yake ndiyo iliyopandwa kwenye viwanja vya Qatar kwa Kombe la Dunia la 2022, katika joto na ukame unaozidi wetu. Maji ya kisima chenye chumvi kidogo, yanayotushinda kunywa, paspalumu huyanywa.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Kapeti dogo la wachezaji watano kila upande, lenye taa, la kuchezewa usiku jua likishazama, lina nafasi yake mjini, mradi lisijazwe punje za matairi na mradi fedha za kulibadilisha ziwekwe kando tangu siku ya kwanza. Uwanja mkubwa uwe wa nyasi zinazoota. Nanyi mnaopanga bajeti za kaunti, kabla ya kumwita mwenye kuuza mazulia, chimbeni kisima, pimeni chumvi yake, na muajiri mtunza uwanja wa kudumu mwenye mshahara. Wananchi wa Kisumu Ndogo, siku mtakapoitwa kwenye kikao cha maoni ya bajeti, ulizeni mambo hayo matatu kabla ya kuuliza rangi ya majukwaa.