Kamera ya video ya kuzamia kina kirefu: Namba za kuangalia kabla ya kutoa pesa

Oktoba 28, 2000, wapiga mbizi wa Afrika Kusini walishuka hadi mita 104 katika korongo la Jesser, Sodwana Bay, wakakutana ana kwa ana na silikanti. Huyu ni samaki ambaye wanasayansi waliwahi kuamini kwamba alitoweka pamoja na dinosaria. Wavuvi wa Tanga wanamjua pia, maana amekuwa akinasa kwenye jarife zao, na tangu 2009 mkoa huo una hifadhi ya bahari yenye jina lake.

Wapiga mbizi wale walipanda juu na habari kubwa, lakini mikono mitupu. Hawakuwa na kamera.

Novemba 27 mwaka huo huo walirudi, safari hii wakiwa na kamera. Video ikapatikana. Lakini siku hiyo hiyo mwenzao Dennis Harding alifariki baada ya kupanda juu kwa haraka.

Watalii wengi wa kuzamia huishia mita 40. Chini ya hapo ni kazi ya waliosomea: mitungi kadhaa, gesi iliyochanganywa na heli, na saa nzima nzima za kusubiri njiani wakati wa kupanda ili gesi itoke mwilini taratibu. Kamera inayofanya vizuri Nungwi kwenye mita 15 inaweza kuwa takataka huko.

Namba iliyo kwenye boksi

Swali la kwanza dukani si ubora wa picha. Ni kina.

Kamera ndogo za michezo kama GoPro HERO12 huhimili mita 10 zikiwa peke yake. Zikiwekwa ndani ya kasha lake la kuzamia, kiwango kinapanda hadi mita 60. Makasha ya alumini ya kamera kubwa, kwa mfano mengi ya Nauticam, yameandikwa mita 100. Anayetaka kwenda chini zaidi anahitaji kasha lililotengenezwa maalumu, na hapo bei inaruka.

Kwa nini kiasi hicho? Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kasha lenye mgongo wa sentimita 8 kwa 6 likifika mita 100, mgongo huo peke yake unabeba karibu kilo 480. Ni kama watu sita wazima wamesimama juu yake.

Kasha likizidiwa si lazima lipasuke. Mara nyingi kinachoanza kusumbua ni vitufe. Maji yanavikandamiza kuliko nguvu ya springi zake, vinabaki vimezama ndani, na kamera inajizima au inabadilisha mipangilio bila kuulizwa. Kioo cha kugusa nacho majini ni pambo tu. Ndiyo maana wazamiaji wengi wa kina kirefu huwasha kurekodi wakiwa bado juu au mita chache chini, kisha hawaigusi tena mpaka warudi.

Busara ni kununua kasha lenye kiwango kinachozidi kina kinachokusudiwa, si kinacholingana nacho. Mwenye mpango wa mita 90 asijifariji na kasha la mita 100 lililokwishaanguka sakafuni mara mbili.

Ringi ya mpira

Kinachozuia maji yasiingie ni ringi nyembamba ya mpira. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu yake inatosha kuzamisha kamera ya mamilioni. Ajabu ni kwamba uvujaji mwingi hutokea karibu na uso wa maji, ambako shinikizo bado ni dogo na halijaibana ringi sawasawa.

Makasha ya bei ya juu huwa na kifaa cha kunyonya hewa. Unaifyonza kwa pampu ndogo ya mkono, taa ya kijani inawaka, unasubiri. Ikigeuka rangi, kuna tundu mahali. Kama kuna kitu kimoja cha kuongezea pesa kwenye kasha, ni hiki, hata kabla ya lenzi ya pili.

Kasha jipya, au lililotoka kwa fundi, lishushwe kwanza likiwa tupu. Likipanda na maji ndani, hasara ni ya kasha peke yake.

Taa

Maji hula rangi. Nyekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, na kwenye mita 80 kila kitu ni bluu iliyokolea au giza. Hakuna kamera itakayorekebisha hilo bila mwanga.

Taa za video hupimwa kwa lumeni, lakini upana wa mwanga nao ni muhimu. Taa ya kawaida ya mzamiaji hutoa mwali mwembamba unaochoma katikati ya picha na kuacha pembeni kweusi. Ya video inatakiwa kutandaza mwanga. Isikae karibu na lenzi pia, bali kwenye mikono ya pembeni, la sivyo kila chembe ya tope itamulikwa na video itaonekana kama imepigwa kwenye vumbi la barabara ya shamba. Lenzi pana husaidia kwa sababu inamruhusu mpigaji kusogea karibu, na maji kati yake na anachopiga yanapungua.

Taa nazo zina kiwango chake cha kina. Hili linasahaulika sana.

Kamera inapogeuka mzigo

Sehemu hii haiandikwi kwenye boksi.

David Shaw alikuwa rubani wa ndege kutoka Australia na mzamiaji hodari. Oktoba 2004, ndani ya Bushman's Hole, shimo lenye maji huko Afrika Kusini, alifika mita 270 na kukuta mwili wa Deon Dreyer, kijana aliyefia humo Desemba 1994. Januari 8, 2005 alirudi kuutoa ili wazazi wauzike. Safari hii alivaa kamera ya video kwenye helmeti, kwa kuwa filamu ya kazi hiyo ilikuwa ikitengenezwa.

Kawaida, Shaw alipohitaji mikono yote miwili aliizungusha taa yake nyuma ya shingo. Helmeti yenye kamera ilimzuia kufanya hivyo. Akaiweka taa pembeni, na waya wake ukanasa. Kwenye kina kile shinikizo ni karibu mara 27 ya hewa ya ufukweni, gesi ni nzito kuvuta, na kila jitihada ya mwili inazalisha kabonidayoksaidi ambayo mapafu yanashindwa kuitoa. Alihema kwa kasi zaidi na zaidi, akapoteza fahamu, akafa. Siku chache baadaye miili yote miwili ilipanda juu, waya wa taa ukiwa bado umeiunganisha. Kamera ilikuwa imerekodi kila pumzi, na rekodi hiyo ndiyo iliyowasaidia wataalamu kueleza kilichomuua.

Si haki kusema kamera ndiyo iliyomuua. Ilibadilisha kitu kimoja kidogo katika mazoea yake, mahali ambapo kitu kidogo hakina nafasi ya kurekebishwa.

Kwa hiyo mtu anayechagua kifaa anapaswa kukivaa pamoja na vifaa vyake vyote, kwenye bwawa au mita 10 za bahari, na kujaribu kila anachofanya chini: kubadilisha mtungi, kufunga vali nyuma ya kichwa, kuzungusha taa, kukata kamba. Kinachogombana na kamera kionekane hapo.

Kamera ya mkononi iwe na klipu ya kuifungua kwa mkono mmoja ndani ya glovu, isifungwe kwenye kifundo cha mkono. Uzito wake majini uwe karibu na sifuri. Inayozama inamchosha mpigaji, na inayoelea inaweza kupaa peke yake ikimponyoka.

Betri na safari

Baridi hupunguza nguvu ya betri, na safari moja ya kina kirefu inaweza kuchukua saa nne. Dakika za chini kabisa, ambazo ndizo zinazotafutwa, huwa chache. Betri itakayodumu saa moja na nusu mara nyingi inatosha kama video ya kupanda haihitajiki. Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri za ziada za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege, na zile zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji kibali cha shirika.

Kwa asiye na mafunzo ya kina hicho lakini anataka picha zake, kuna roboti ndogo za majini zinazoendeshwa kwa waya kutoka kwenye boti, na zipo zinazofika mita 100. Zikinasa, kinachobaki chini ni mashine.